Tawi la Waziri kwenye Kijia cha Sheshe

Nchi ninayoisimulia haipakani na yenu, na kama inapakana, basi ramani yenu ina makosa. Nasema hivyo kwa sababu ramani ndiyo kazi yangu. Mimi ni Karani wa Ramani, Daraja la Pili, katika Wizara ya Barabara na Unyoofu. Ofisi yangu ni chumba cha chini ya ngazi, na kwa miaka kumi na tisa nimeichora nchi yetu kama nilivyoagizwa.

Watu wa nje hudhani ramani huifuata nchi. Kwetu nchi huifuata ramani, na ikichelewa huandikiwa barua. Upo mto mmoja wa kusini ambao niliusogeza maili mbili kwa sababu ulikuwa unapita katikati ya shamba la shemeji yake mkubwa mmoja. Mto wenyewe bado haujasogea, lakini umeshapewa onyo mara mbili.

Ulipotangazwa Mwaka wa Unyoofu, Mtukufu Rais alikuwa angani. Alitazama chini kutoka dirisha la ndege akaona vijia vya miguu, vyembamba, vyekundu, vikipinda huku na kule kati ya kijiji na kijiji, kati ya mji mdogo na jirani yake. Akawaambia waliokuwa naye kwamba vijia vile vinamfanya ahisi kuwa watu wanakwenda mahali bila kumwambia. Ndege ilipotua, sheria ilikuwa tayari. Tulivihesabu vijia vyote nchini, vikafika elfu sita mia nne na ushei, kisha tukaanza kuvifuta, mkoa baada ya mkoa, kwa raba zilizoagizwa kwa kazi hiyo.

Tangu hapo, mtu wa kijiji cha Sheshe anayetaka kwenda mji wa Mtonya anatakiwa kupita barabara kuu. Kwa kijia ni mwendo wa saa moja na nusu, katikati ya msitu wa mininga na miyombo. Kwa barabara ni siku mbili, maana barabara hupitia kwanza nyumbani kwa Mheshimiwa Waziri. Watu waliendelea kutembea msituni, na Serikali kwa uvumilivu wake iliwaacha, kwa kuwa kisheria walikuwa hawaendi popote.

*

Inabidi niwaeleze desturi moja ya Sheshe, maana bila hiyo hamtaelewa kosa lililotokea.

Watu wa huko wakisafiri kwa miguu wakiwa kundi, hawakai pamoja. Mmoja anatangulia, wengine wanafuata kwa kutawanyika, kila mtu na mwendo wake. Kwenye kila njia panda aliyetangulia hukata tawi lenye majani mabichi na kulilaza juu ya njia ambayo hakuipita. Wa nyuma wakiliona wanajua: huku siko, wenzetu wamepita kule. Hakuna anayeliruka tawi, hata awe na haraka, hata awe na hakika kwamba kiongozi amekosea. Na hakuna anayeruhusiwa kuliweka ila yule anayetangulia kweli. Kuweka tawi kisha usiwaongoze watu ni kuwapoteza, na kwa Sheshe kosa hilo ni kubwa kuliko wizi.

Jumatano moja ya mwezi wa sita waliondoka watu kumi na mmoja. Aliyetangulia ni Athumani Likwata, fundi wa baiskeli, ambaye alitengeneza baiskeli za kijiji kizima na yeye mwenyewe akaenda kwa miguu, kwa sababu alisema baiskeli haimpi mtu nafasi ya kusalimiana vizuri. Wa mwisho alikuwa Siwema, msichana wa miaka kumi na saba, aliyechukuliwa kwa sababu ana mwandiko mzuri. Yeye ndiye aliyeandika barua, na yeye ndiye aliyeibeba.

Barua ilihusu zahanati. Sheshe ina zahanati. Nina hakika, kwa kuwa niliichora mwenyewe, yenye paa la buluu na msalaba mwekundu, na ilizinduliwa kwenye gazeti. Watu wa Sheshe kwa ukaidi wao walisema hawaioni. Siku hiyo Mtukufu Rais alikuwa anatembelea Mtonya, na barua ilimwomba kwa heshima zote, akiwa na nafasi, afike Sheshe awaonyeshe zahanati yao ilipo.

Waliondoka asubuhi umande ukiwa bado majanini. Mtonya hawakufika.

Baada ya siku tisa za minong'ono, Mheshimiwa Waziri wa Barabara na Unyoofu, Dokta Fidelis Kalumbeta, alilihutubia taifa. Nilimshikia ramani.

"Ndugu wananchi," alisema, "ili mtu apotee, sharti pawepo mahali pa kupotelea. Serikali yenu sikivu imeitazama ramani kwa makini. Kati ya Sheshe na Mtonya hakuna njia. Pasipo na njia hapana msafiri, na pasipo na msafiri hapana aliyepotea. Kwa mantiki hiyo, ndugu zetu wale kumi na mmoja wako majumbani kwao, na tunaziomba familia ziache kuwaficha."

Ukumbi ulipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika ramani kwa mikono miwili, kwa hiyo sikupiga.

*

Bi Mwajabu, mke wa Athumani, alianza kuja ofisini kwangu kila Alhamisi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye khanga iliyofuliwa sana na sauti isiyopanda. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka aitwe, na alipoitwa alisema jambo lile lile.

Shida yake ilikuwa hivi. Askari walikuwa wamekuja kumpekua mara tatu wakimtafuta mumewe uvunguni. Kwenye daftari la kaya Athumani aliandikwa kuwa yupo. Matanga hayakuruhusiwa, kwa sababu matanga ya mtu aliyepo ni mkusanyiko bila kibali. Hakuweza kulia kwa sauti, hakuweza kukaa eda, hakuweza hata kuitoa ndara ya mumewe mlangoni, kwa kuwa mjumbe wa nyumba kumi alikuwa akipita kuikagua. Miezi minne ikapita namna hiyo.

Nilimwelekeza kwa upole kwamba hati za watu waliopo hutolewa dirisha namba tano.

"Sitaki hati, mwanangu," aliniambia. "Nataka kujua miguu yake iliishia wapi. Basi. Nikijua, nitakwenda mwenyewe."

Nikamfungulia ramani. Nikamwonyesha Sheshe, nikamwonyesha Mtonya, na katikati yao karatasi nyeupe. Akaitazama muda mrefu, kisha akavitazama vidole vyangu. Nilikuwa nimemwambia kweli tupu, na usiku wala mchana sijawahi kuona aibu kama ile.

*

Kilichofuata kiliisumbua sana Wizara. Kijia kilikataa kufa.

Vijia vingine vilivyofutwa vilijifia kimyakimya, nyasi zikaota, siafu wakahamia. Cha Sheshe kilibaki wazi, kimesuguliwa, hakina hata jani lililoanguka. Watu wa kijiji walikuwa wameacha kukipita kwa hofu. Wizara ikapanda nyasi. Nyasi zikalala chini, zimekanyagwa, zote kuelekea Mtonya. Wizara ikapanda miiba, na miiba ikakanyagwa vilevile. Mkaguzi aliyetumwa mchana kweupe aliandika kwamba udongo wa kijia ulikuwa wa vuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, na akaomba likizo.

Na pale kijia kinapochepuka kutoka barabara kuu, kila siku palikuwa na tawi la mninga, bichi, limelazwa juu ya lami. Lilikuwa linaifunga barabara ya Serikali.

Wizara ililitaja tawi hilo kuwa alama ya barabarani isiyosajiliwa. Akawekwa mlinzi, Koplo Masunga, kijana mtulivu kutoka mkoa wa mbali, akapewa kiti, kofia na daftari la matukio. Nimelisoma daftari lile kwa sababu lililetwa kwangu liambatanishwe na ramani. Siku ya kwanza aliandika kwamba hakuona mtu. Siku ya pili aliandika kwamba hakuona mtu, ila tawi lipo. Siku ya tatu aliandika hivi: "Saa mbili asubuhi nilisikia wapita njia. Sikuwaona. Kwa kuwa nililelewa vizuri, niliwaamkia. Niliitikiwa marahaba mara kumi, sauti mbalimbali, za watu wazima. Ya kumi na moja ilikuwa sauti ya msichana, na yeye ndiye aliyeniamkia mimi. Nikamwitikia. Hakuna tukio jingine."

Aliandika maneno hayo hayo kwa wiki sita. Hakuna aliyekuwa amemwambia hesabu ya watu wale, wala kwamba mmoja wao alikuwa mdogo kwake.

*

Mheshimiwa Waziri aliamua kwenda mwenyewe. Alifuatana na Mshauri wa Mila, bwana aliyesomea desturi zetu ng'ambo kwa miaka saba na hajawahi kutembea kwa miguu zaidi ya hatua kutoka gari hadi ukumbi. Mshauri alikuwa amegundua kwamba kwa lugha ya wenyeji tawi maana yake ni kufunga. Akashauri kwamba Serikali nayo izungumze kwa tawi, tena kubwa kuliko lao.

Likaletwa kwa lori. Lilikuwa nusu ya mti, limefungwa utepe wa rangi za taifa. Wanakijiji walikusanywa wakapangwa juani, bendi ikapiga, na Mheshimiwa akalishika tawi kwa ncha za vidole huku vijana wanane wakilibeba, wakalilaza mdomoni mwa kijia.

"Kuanzia sasa," alisema Mheshimiwa, "yeyote anayedhani anakwenda Mtonya kwa huku, aache. Njia ya Serikali ni ile pale, pana, nyoofu, na mimi ndimi ninayewatangulia."

Wanakijiji hawakupiga makofi. Mama mmoja mzee alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga. Bi Mwajabu alikuwa amesimama karibu nami, mimi nikiwa na ramani yangu kama kawaida, na aliongea bila kunigeukia.

"Mwambieni aliondoe," alisema. "Ameliweka, na amesema anatangulia. Watamfuata."

Nilijua anawasema kina nani. Nilijua pia kwamba Daraja la Pili halimwambii Waziri kitu. Mheshimiwa akapanda gari, msafara ukageuka kuelekea mji mkuu, na Koplo Masunga akavua kofia. Aliniambia baadaye kwamba hewa ilipita mbele yake mara kumi na moja, bila haraka, ikatoka kwenye kijia na kuingia barabarani.

Wiki haikwisha nyasi zikaota kwenye kijia. Baada ya wiki tatu, mtu asiyejua asingekiona tena. Magazeti yakaandika kwamba ushirikina umeshindwa, na Mshauri wa Mila akapewa nishani. Koplo aliomba uhamisho. Sababu aliyoitaja kwenye fomu ni upweke.

*

Alama ilionekana kwanza kwenye barabara kuu. Pembeni mwa lami palitokea mstari uliosuguliwa, upana wa nyayo, ukatoka njia panda ya Sheshe na kusonga mbele mwendo wa mtu mzima asiye na haraka. Siku ya nne uliingia mji mkuu. Siku ya tano ulipanda ngazi za Wizara, ukapita kwenye zulia jekundu, ukaenda moja kwa moja hadi mlango wa Mheshimiwa.

Zulia likabadilishwa. Kufikia jioni jipya lilikuwa limesuguliwa kama la kwanza. Wakabadilisha kila siku, mpaka nchi ikaishiwa mazulia mekundu na wakaanza kutandika ya kijani.

Watu walianza kuona mabadiliko kwa Mheshimiwa. Katikati ya hotuba ya bajeti alinyamaza, akainama kidogo, akasema, "Marahaba," akaendelea. Kwenye harusi ya mwanawe aliitikia mbele ya padri. Alikuwa akiamkiwa mara moja tu kila asubuhi, na msichana, na hao kumi wengine walisubiri yeye awaamkie, kwa kuwa ni wakubwa kwake. Hakuwaamkia. Mtu wa cheo chake alikuwa ameshasahau namna ya kumwamkia mtu.

Popote alipokwenda walifuata, kama alivyowaambia. Ikafika mahali akaacha kwenda popote. Alizunguka ofisini mwake siku nzima, akiogopa kuwa akisimama watafika. Mhudumu wa chai aliniambia kwamba mbao za sakafu zilikuwa zimelika duara, na ndani ya duara hilo palikuwa na duara jingine, jembamba zaidi. Mwezi wa nane tangu watu wale wapotee, Mheshimiwa akapanda ndege kwenda ng'ambo kutibiwa miguu. Hajarudi.

Ndege haifuatiki kwa miguu. Basi wale wasafiri wakabaki bila wa kuwatangulia, na nadhani walitafuta mtu mwingine anayeijua njia. Jumatatu moja nilifika kazini nikakuta saruji ya ngazi imesuguliwa. Mstari ulikuwa umeshuka, hatua kwa hatua, mpaka mezani kwangu.

Nikakaa. Sauti ya msichana ikasema, "Shikamoo."

*

Nimewaambia kwamba vijia vilifutwa mkoa baada ya mkoa. Sikuwaambia kwamba mkoa wa Sheshe ulikuwa wa mwaka unaofuata. Kijia kile kimoja kiliagizwa peke yake, kwa karatasi iliyoletwa Jumatatu kwa mkono, ikitaka kazi iwe imekwisha kabla ya Jumanne jioni. Karatasi ilitaka jambo moja zaidi. Kabla ya kufuta, niweke nukta ya penseli kwenye njia panda ya tatu, ndani ya msitu, nakala ipelekwe wizara nyingine, na nukta niiandike "machimbo ya kokoto ya muda, nafasi ya malori mawili kugeuza."

Niliiweka nukta. Nikatoa nakala. Kisha nikafuta nukta na kijia chote, nikapuliza vumbi la raba. Nilijua Mtukufu Rais yuko Mtonya Jumatano. Nilijua hakuna mtu anayechimba kokoto kwa siku moja. Sikuuliza, na kutouliza ndiko kulikonipa Daraja la Pili.

Siku tatu mfululizo niliwaamkia wote kumi, mmoja mmoja, nikamwitikia wa kumi na moja. Niliogopa sana mara ya kwanza. Mara ya tatu niliona haya tu, kwa sababu waliitikia vizuri, kama watu wanaosubiri na hawana ugomvi.

Alhamisi alikuja Bi Mwajabu. Aliona mstari kwenye saruji kabla hajanisalimu. Akachuchumaa, akaupapasa kwa kiganja, na akasema kwa sauti ya nyumbani, sauti ya mke anayempokea mume mzigo, kwamba mumewe amechoka, mwendo gani huu jamani. Nilitazama pembeni.

Kisha nikachukua kalamu ya wino, maana penseli hufutika. Nikakichora kijia cha Sheshe kutoka nyumba ya mwisho ya kijiji, mpindo kwa mpindo, njia panda ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu. Hapo nikaweka alama.

"Ni hapa," nikamwambia. "Hapajawahi kutoka kokoto hata moja."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Kabla hawajaondoka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi, hata kofi, na ningelipokea. Alipotaka kuikunja karatasi aliona wino unang'aa bado, akasema haujakauka, utaharibika. Akakaa kwenye benchi, ramani magotini, akiipepea kwa ncha ya khanga. Tulisubiri wino ukauke, mimi na yeye na hao wengine, na ndiyo robo saa ndefu kuliko zote nilizokaa chini ya ngazi ile.

Ulipokauka alitoka hadi uani, akavunja tawi la mti wa maua unaoipamba Wizara, akarudi, akalilaza chini ya ngazi zinazopanda kwa wakubwa. Halafu akatoka kwa mlango wa mbele, akashika njia ya Sheshe. Hakugeuka nyuma, kwa kuwa anayetangulia hana haja ya kugeuka. Mlango ni wa kujifunga wenyewe, na siku zote hujibamiza. Siku hiyo ulikaa wazi kwa muda wa kupita watu kumi na mmoja, kisha ukajifunga taratibu.

*

Haya mengine nimeandikiwa na Koplo Masunga, ambaye aliacha kazi akarudi Sheshe, na ndiye aliyeshika jembe la kwanza. Bi Mwajabu aliingia kwenye nyasi akiwa na ramani, akaweka matawi kwenye kila njia panda. Sheshe nzima ikafuata matawi. Watu wa Mtonya nao wakaja kutoka upande wao. Waliwakuta wote. Barua ya Siwema ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, na mwandiko wake unasomeka vizuri sana. Matanga yalikaliwa hapo hapo msituni, bila kibali, na Bi Mwajabu alilia kwa sauti. Ndara ya mumewe imeondolewa mlangoni. Kwa sababu watu wanakwenda makaburini na kurudi, kijia kimefunguka tena, na mtu akiwa angani, anasema Koplo, lazima atakiona.

Inaelekea mtu mmoja amekiona. Asubuhi ya leo nimeulizwa kwa simu ni nani aliyeruhusu njia ile irudi kwenye ramani. Nimejibu kwamba mimi ni karani tu, nimeandika walikopita. Nikaambiwa nisitoke ofisini.

Nimekaa hapa nikiandika. Tangu Alhamisi ile hakuna aliyeniamkia, na saruji imeanza kushika vumbi pale walipokuwa wakisimama. Sikudhani ningekuja kuikosa sauti ya mtoto yule. Sasa nasikia watu wanakuja kwenye korido. Ni wengi, wana viatu vizito, na hakuna anayesema shikamoo.